Nyayo Alikufa Jumapili

Mke wa Kimotho alinipigia simu Jumanne asubuhi, nikiwa nimeinama juu ya mguu wa mbwa nikimtoa kupe katikati ya vidole. Hatukuwa tumezungumza kwa zaidi ya miaka ishirini na sijui namba yangu aliipata wapi. "Roda, ni Mama Ciru," alisema. "Baba Ciru ametuacha jana, hospitalini. Sikuambii uje. Nilitaka tu ujue." Nikasema pole, kwa sababu mdomo husema pole wenyewe hata kama moyo umekaa kimya. Akakata simu. Nikamaliza mguu ule nikahamia mguu wa pili, na muda wote nilikuwa najikagua kama nilivyokuwa namkagua mbwa, nikitafuta huzuni, au angalau huruma. Sikupata. Nilichopata ni hasira ya mtu aliyetembea safari ndefu kwenda kugombana, akafika akakuta nyumba imefungwa. Nilikuwa sijamalizana na Kimotho. Najua mtu akifa tunatakiwa tuseme mazuri yake. Mazuri yake nitayasema, maana yalikuwepo, na ndiyo yanayofanya mabaya yake yaniume mpaka leo.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa nimetoka kazi ya kufunga maua kwenye shamba moja la Ruiru, vidole vimejaa makovu ya miiba ya waridi, nikasikia kanisani kwamba kuna mama mmoja Thika, upande wa mto Chania, anatafuta mtu wa kushughulikia mbwa. Wafanyakazi wote walimwita Madam. Alikuwa mjane, mwembamba, amevaa sweta ya marehemu mumewe iliyomfika magotini, na aliniuliza swali moja tu: "Unaweza kukimbia?" Nikamwambia naweza. Akaniambia nivue viatu vya kanisani nizunguke shamba la kahawa mara mbili. Nilipomaliza alikuwa ameshaingia ndani, na mtu aliyenipokea langoni alikuwa Kimotho, msimamizi wa mbwa, mwanamume wa miaka arobaini hivi, mfupi, kofia ya sufu kichwani hata jua likiwaka, filimbi imening'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. "Mluhya anakimbia," alisema akicheka. "Sasa tuone kama Mluhya anasikia."

Chumba nilichopewa kilikuwa nyuma kabisa ya vibanda vya mbwa. Kilikuwa na kitanda cha mbao, jiko la mafuta, msumari mmoja wa kutundika nguo, na ukuta wa mbao uliokuwa mwembamba kiasi kwamba nikilala nilimsikia mbwa wa upande wa pili akijizungusha mara tatu kabla ya kujilaza na kushusha pumzi kama mama aliyetoka sokoni. Mbwa huyo alikuwa Nyayo. Alikuwa jike wa kahawia, kifuani na miguuni amenyunyiziwa madoadoa meupe kama yale maharagwe ya mabaka yaitwayo nyayo, na jina lilitoka hapo. Mbwa wote pale walikuwa pointa, aina ya Kijerumani, wale wenye manyoya mafupi na masikio mapana yaliyolala, mkia uliokatwa nusu. Mume wa Madam ndiye aliyewaleta wa kwanza, kwa kupenda kwake kwenda porini kutafuta kwale na kanga. Mimi mpaka siku ile nilikuwa najua aina moja tu ya mbwa, yule wa kubweka getini na kulala. Kimotho alinisahihisha kabla sijaweka mfuko wangu chini.

"Huyu si mbwa wa geti," alisema, mkono wake mmoja umeshika kidevu cha Nyayo. "Huyu ameumbwa kutembea siku nzima. Usipomchosha wewe, atatafuta kazi mwenyewe, na kazi atakayotafuta hutaipenda. Atakula mlango. Atachimba mpaka apite chini ya ua. Ukimfunga mnyororo peke yake, anaharibika akili. Anataka kukimbia, na anataka watu. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Manyoya yake ni mafupi, hayana sufu ndani. Hii baridi ya Julai itamuua ukimlaza kwenye simiti. Masikio unaangalia kila siku, ndani, hivi. Vidole, kila siku. Na hili la mwisho ulishike kuliko yote." Akapiga magoti, akapitisha kiganja ubavuni mwa Nyayo. "Angalia kifua kilivyo kirefu. Ndani hapa tumbo limening'inia kama kiondo kwenye kamba. Akila akashiba, halafu umkimbize, kile kiondo kinajipinda. Kikijipinda, hewa haitoki, damu haipiti. Huna hata nusu siku. Kwa hivyo, saa moja kabla ya sahani, saa mbili baada ya sahani, hakuna mbio. Sema."

"Saa moja kabla ya sahani, saa mbili baada ya sahani, hakuna mbio."

"Sema tena."

Nikasema tena. Aliniambia niseme kila asubuhi kwa wiki nzima, mbele ya Wanja mpishi, ambaye alikuwa akitoka na birika la chai akiniigiza kwa sauti ya mtoto wa shule. Tulikuwa tunacheka wote watatu. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, na nataka ieleweke kwamba aliyenifundisha ni yeye.

Miezi saba ya kwanza ya mwaka ule ilikuwa miezi mizuri, na hilo nalo namlaumu Kimotho. Tuliamka kabla jua halijachomoza, tukawatoa mbwa wanne wanne kupitia mistari ya kahawa, umande ukilowesha suruali mpaka mapajani. Pointa hakimbii kama mbwa mwingine. Anakata shamba kushoto, anakata kulia, pua juu, kama mtu anayefagia uwanja mkubwa asiache hata sehemu moja. Siku ya kwanza nilipomwona Nyayo akipata harufu ya kwale, nilidhani amepigwa na kitu. Alikuwa katika kasi yake yote, halafu ghafla hakuna tena kasi. Mguu mmoja wa mbele umekunjwa hewani, shingo imenyooka, macho hayapepesi. Kimotho alinishika bega. "Usipumue," alininong'oneza. Tukasimama watu wawili na mbwa mmoja mpaka miguu ikaniuma. Kisha akapiga hatua, kwale akaruka na kelele zake zote, na Nyayo hakumfukuza. Hatukuwa na bunduki. Kazi yetu ilikuwa kumfundisha mbwa kutafuta, kusimama na kungoja, basi. Alinigeukia akaja akaegemeza uzito wake wote kwenye paja langu, jambo ambalo mbwa hao hulifanya wakikukubali, na Kimotho akasema, "Wewe una mkono wa mbwa, Roda. Wengi hawana." Hakuna mtu mzima aliyewahi kunisifia kitu kabla ya siku hiyo. Niliibeba sifa ile wiki nzima.

Julai ilipofika nilikata sweta yangu ya zamani, nikaitoboa matundu ya miguu, nikamvisha Nyayo. Kimotho alipoona hakucheka. Alikwenda stoo akaleta magunia na nyasi kavu, tukainua vitanda vya mbwa wote kutoka kwenye simiti, na siku hiyo nilimwona akitoa mwiba kwenye unyayo wa mbwa kwa meno yake, taratibu, huku akimwimbia wimbo wa Kikuyu wa kubembeleza mtoto. Huyo ndiye mtu niliyemjua. Upande wake mwingine niliusikia jikoni tu, nikaupuuza. Jikoni kwa Wanja palikuwa na benchi karibu na jiko la kuni, na saa nne tulikula hapo githeri, mahindi na maharagwe, iliyokaangwa na vitunguu, au viazi na chai yenye maziwa mengi, na Wanja alikuwa hafungi mdomo.

"Kimotho amemaliza kuuza wale watoto wa Nyayo," alisema siku moja. "Tisa wote. Anawaambia watu eti ni mbwa watulivu, wa kulinda nyumba. Juzi amempa mwalimu fulani wa Ruiru, ploti yake ni ndogo hata kuku hawezi geuka."

"Na Madam anajua?" niliuliza.

"Madam anajua kile ameambiwa. Aiya! Hiyo mbwa itakula huyo mwalimu na chaki yake."

Nikacheka. Nilikuwepo siku watoto hao walipochukuliwa. Niliwabeba mmoja mmoja mpaka kwenye magari nikasikia Kimotho akisema "mtulivu sana huyu," nami nikatabasamu kwa wenye magari. Nalitaja hili kwa sababu ni kweli, ingawa halinisaidii.

Jumapili moja ya Agosti walikuja wageni kutoka Nairobi, wanaume watatu na mwanamke mmoja, watu waliotaka kuona mbwa wakubwa kabla ya kuagiza watoto wa uzazi ujao. Meza iliwekwa kwenye majani chini ya ukuta wa nyumba. Madam alikula nao kidogo, kisha akaingia ndani kwa sababu kichwa kilimuuma. Kulikuwa na mbuzi wa kuchoma, mukimo wa viazi vya kupondwa, na sufuria la ugali, na kwa kuwa Wanja alikuwa peke yake mimi ndiye niliyebeba sahani. Kimotho alikuwa amemtoa Nyayo bandani akamlaza kando ya kiti chake, apate kusifiwa. Nikawa napita na kurudi, na kila nikipita mkono wa mtu ulikuwa chini ya meza. Mbavu. Mafuta. Bonge la ugali lililochovywa kwenye mchuzi. Yule mwanamke alisema, "Jameni, anakula kama askari," wakacheka. Kimotho mwenyewe alimpa sahani yake yote iliyobaki, kisha bakuli la maji, na Nyayo akalamba bakuli mpaka likasogea kwenye majani.

Ndipo mmoja wa wanaume aliposema, "Sasa hii mbwa inafanya nini? Ama ni ya kukula tu?"

Kimotho akasimama, filimbi mdomoni.

Niliweka sahani chini. "Baba Ciru," nilisema kwa sauti ya chini, "amekula sasa hivi."

Hakunitazama. "Roda, peleka vyombo jikoni."

"Ameshiba kabisa. Hata dakika kumi hazijaisha."

"Nimesema vyombo." Na kwa wageni, akicheka: "Huyu ni wa kufua matambara ya mbwa, naye ameshakuwa daktari."

Walicheka tena. Nikabeba vyombo. Hilo nimelirudia kichwani maelfu ya mara: nilibeba vyombo. Kupitia dirisha la jikoni, mimi na Wanja tulimwona Nyayo akitumwa chini kwenye kahawa, akikata kushoto, akikata kulia, tumbo likicheza, akasimama mara tatu juu ya kwale, na mara zote tatu wageni wakapiga makofi. Kimotho alimrudisha, akamtuma tena. Alikimbizwa kwa muda ambao mtu angeweza kupika wali na kuuepua.

Saa tisa nilimkuta bandani amesimama katikati, kichwa chini, hataki kulala. Alikuwa anajaribu kutapika na kinachotoka ni povu tu. Nilimgusa ubavu. Ulikuwa mgumu kama ngoma. Nilipiga kelele ambazo Wanja aliniambia baadaye zilisikika mpaka barabarani. Kimotho alikuja mbio, akaweka kiganja chake pale pale alipokuwa ameniwekea mimi siku ya kwanza, na nikaona uso wake ukijua. Daktari wa mifugo tuliyemtegemea alikuwa Ruiru. Tukampakia Nyayo kwenye pikapu, mimi nyuma nimempakata, Kimotho kwenye usukani. Nyayo aliniangalia njia yote. Mbwa hao hawalii sana wakiumwa. Wanakuangalia tu, kwa sababu wamezoea kwamba wewe ndiye unayejua la kufanya. Alikufa kabla hatujafika Juja. Niligonga kioo. Kimotho akaegesha kando ya barabara, akauliza bila kugeuka, "Amekufa?" Nikamwambia amekufa. Akakaa pale mikono iko kwenye usukani, magari yakitupita, kisha akageuza pikapu. Hakusema neno mpaka nyumbani. Nilidhani analia moyoni. Nilimwonea huruma! Kumbe alikuwa anapanga maneno.

Wageni walikuwa bado wako uani, na Madam alikuwa ametoka nje na shuka mabegani. Kimotho aliteremka, akavua kofia. "Madam," alisema, "nilimwambia huyu msichana asimlishe mbwa. Amemmwagia mabaki yote ya meza huko nyuma, sufuria mbili. Mimi sikujua. Nimemtoa kumkimbiza nikidhani tumbo ni tupu."

Madam akanigeukia. "Roda. Ni kweli?"

"Si kweli. Walimlisha mezani. Yeye mwenyewe alimlisha. Nilimwambia."

Niliwaangalia wageni. Yule mwanamke alikuwa anatafuta funguo kwenye mkoba wake. Wanaume waliangalia milima. Nilimwangalia Wanja mlangoni mwa jikoni, Wanja niliyekula naye kila siku kwa miezi saba, naye akaangalia mikono yake mwenyewe kama ndiyo kwanza anaiona. Kimotho alitikisa kichwa kwa masikitiko. "Unaona, Madam. Na nilimfundisha mimi mwenyewe. Kila asubuhi nilimfanya aseme."

Hicho ndicho kilichonikata. Alichukua wiki ile ya kucheka na birika la chai akaigeuza kuwa ushahidi dhidi yangu. Niliondoka kabla jua halijatua, nikiwa na mfuko mmoja, povu la mdomo wa Nyayo likiwa limekauka kwenye sketi yangu. Niliomba nimzike. Kimotho alisema kuna watu wa kufanya hivyo.

Nilirudi Kiuu, upande wa Ruiru, kwa rafiki yangu Eunice aliyekuwa na chumba cha mabati karibu na soko, kitanda kimoja, pazia la maua likitenga mahali pa kupikia. Eunice aliuza mboga, na mchana nilibaki peke yangu nikisikiliza majirani kupitia mabati: mama mmoja akigombana na mkwewe, redio, mtoto akikataa kuoga. Nilitafuta kazi kwenye nyumba mbili zenye mbwa, na zote zilikuwa zimeshasikia kuhusu mimi. "Wewe ndiye ule uliua mbwa ya wenyewe huko Thika?" aliniuliza mlinzi mmoja, kwa upole kabisa. Chakula kilinishinda. Eunice aliniambia, "Dada, omba. Mwachie Mungu." Nikapiga magoti pale kwenye simiti nikaomba. Niliomba Kimotho afe. Baadaye nikaona kifo ni haraka mno, nikabadilisha maombi: aishi, lakini kila mtu ajue.

Mwezi wa kumi nilikuwa nafua nguo za watu, nikipita ploti hadi ploti Ruiru. Asubuhi moja nilisikia nyuma ya ua sauti niliyoijua, si kubweka, ni ule mlio mrefu wa pointa aliyeachwa peke yake. Nikagonga geti. Alifungua mwanamume mwenye miwani, amevaa kaptula, uso umechoka. Nyuma yake, kwenye kiwanja kisichozidi vitanda vinne, alikuwa kijana wa Nyayo, madoadoa yale yale, amefungwa mnyororo kwenye nguzo ya kamba ya nguo, shingo imechubuka mpaka nyama. Mwenye nyumba alikuwa yule mwalimu.

"Kama umekuja kufua, ngoja kwanza nifunge hii kitu vizuri," alisema. "Hii mbwa ni wazimu. Imekula kochi, imekula mlango wa choo, imekula mpaka Biblia ya mama watoto. Niliambiwa ni mbwa mtulivu!"

"Uliambiwa na nani, mwalimu?"

"Kimotho. Wa huko Chania."

Nilimfungua mbwa mnyororo. Nilimpeleka nje ya mji, kwenye mashamba ya kahawa yaliyokuwa bado yapo siku hizo kabla ya maghorofa, nikamkimbiza mpaka ulimi ukafika chini. Nilimrudisha, nikamkagua masikio, nikamsafisha shingo kwa maji ya chumvi, nikangoja saa moja ndipo nikampa chakula. Akajilaza kwenye mguu wa mwalimu akalala. Mwalimu hakuthubutu kusogeza mguu. "Umempa dawa gani?" aliuliza. Nikamwambia dawa ni hiyo tu, kila siku, maisha yake yote, na kwamba aliyemuuzia alijua hilo kuliko mtu yeyote. Kisha nikamweleza habari za Nyayo. Nilipokuwa naeleza niliona hasira ikimpanda mtu mwingine, mtu mwenye miwani na elimu, ambaye neno lake lingesikika pale ambapo langu halikusikika, na kwa mara ya kwanza tangu Agosti nikasikia njaa.

Wale tisa niliwabeba mwenyewe mpaka kwenye magari, na nilikumbuka kila mmoja alikwenda wapi. Wawili walikuwa wameshakufa. Saba waliobaki niliwatafuta kutoka Kiuu mpaka Juja, na kila mmoja alikuwa na hadithi yake: mmoja amefungiwa kwenye kreti, mmoja amekonda mbavu zinahesabika, mmoja ameanza kuuma watoto. Niliwatunza kweli. Niliwakimbiza, niliwatibu, niliwafundisha wenye mbwa. Lakini nisijidanganye. Nilipokuwa nampaka mbwa dawa shingoni nilimwita mwenye mbwa aje aone kidonda kwa karibu, na kidonda kilipokuwa kikubwa nilifurahi. Ilifika mahali sikujua tena kama ninawaponya mbwa au ninakusanya silaha. Kwa kila nyumba nilimaliza kwa maneno yale yale: "Muulize Kimotho."

Wakaenda kumuuliza. Ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya Desemba, asubuhi, watu saba na mbwa saba nje ya lango la Madam, mwalimu akiwa mbele na tai. Mimi nilisimama nyuma ya wote. Kimotho alifungua lango akitabasamu, akiona wateja, kisha akaona mbwa, kisha akaniona mimi, na lile tabasamu lilivyomtoka usoni ninaweza kulikumbuka sasa hivi nikitaka, na mara nyingi nataka. Madam alitoka na sweta yake. Alimsikiliza kila mtu. Alipiga magoti akashika shingo ya kila mbwa. Alipofika kwa mbwa wa mwisho, Wanja alitoka jikoni akifuta mikono kwenye aproni, akiwa analia tayari.

"Madam, hata ile ya Nyayo," alisema. "Si Roda. Ni yeye alimlisha hapo mezani, na Roda akamwambia. Mimi niliona kwa dirisha. Niliogopa kazi."

Kimotho alivua kofia yake akaikunja. Madam alimwangalia, halafu akaniangalia mimi. "Nilikukosea," alisema. "Hivi vibanda ni vyako sasa. Na huyu nitamfukuza leo hii."

"Hapana, Madam," nikasema. "Usimfukuze. Nataka abaki. Afanye kazi chini yangu."

Wanja alisema, "Roda, wacha," lakini Madam alikuwa mtu wa kutimiza alichoombwa. "Sawa," alisema. Kimotho alikuwa na watoto shuleni na Krismasi ilikuwa inakuja. Alijua, nami nilijua, kwamba angebaki.

Basi kila asubuhi, wafanyakazi wakiwa uani na vikombe vyao vya chai, nilimwita asimame mbele ya vibanda. "Sema," nilimwambia. Naye akasema: "Saa moja kabla ya sahani, saa mbili baada ya sahani, hakuna mbio." Kisha nikangoja, naye akaongeza sehemu ambayo nilimtungia mimi: "Nyayo nilimuua mimi, nikamsingizia Roda." Siku ya kwanza niliusikia utamu wake mdomoni. Siku ya pili pia. Wiki ya pili wafanyakazi walianza kuangalia ndani ya vikombe. Hakuwahi kukataa, hakuwahi kuinua sauti, na akimaliza alichukua ufagio. Kilichonichoma ni mbwa. Wale saba walikuwa wamerudi kwetu mpaka wenye mbwa wajenge mahali pazuri, na mbwa hao hawana kinyongo kabisa. Walimkimbilia. Waliegemea mapaja yake, yeye aliyewapeleka kwenye minyororo, na aliwatoa miiba kwa meno akiwaimbia, vizuri kama zamani, vizuri kuliko mimi. Kadiri walivyompenda ndivyo nilivyomwamuru aseme kwa sauti zaidi.

Siku tatu kabla ya Krismasi kulikuwa na baridi, na mke wake alimletea koti alilokuwa amelisahau. Mama Ciru aliingia langoni wakati Kimotho ameshasimama mahali pake. Kimotho alimwona mkewe. Akanigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu Agosti aliniomba kitu, kwa macho tu. Wanja naye aliniangalia. Ningeweza kusema, leo chukua ufagio tu.

"Sema, Baba Ciru," nikasema.

Akasema. Yote, mpaka neno la mwisho, akiwa anamwangalia mkewe. Halafu akavua buti za kazi, akazipanga pamoja ukutani, akavaa viatu vyake, akatoka langoni bila kuchukua koti. Hakurudi tena.

Mama Ciru alibaki amesimama na koti mikononi. Nilidhani atanitukana, nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, lakini alikuja karibu akaniuliza taratibu, kama mtu anayetaka kujua kweli, "Umeshiba sasa?"

"Bado," nikamwambia.

Alitikisa kichwa kukubali jibu, akalikunja lile koti vizuri, akamfuata mumewe. Wafanyakazi walitawanyika mmoja mmoja. Mchana ule Wanja hakuniita kwenye benchi la jikoni. Aliniletea sahani mpaka mlangoni mwa chumba changu, akaiweka kwenye kizingiti, akaondoka. Ilikuwa githeri yenye vitunguu. Nilikaa kitandani nikala peke yangu. Ilikuwa tamu, sitasema uongo. Niliimaliza yote.